Nilidanganya kuhusu Fort Jesus, na jiwe la mlangoni likanisuta

Wadau, hii posti ni ya kuomba radhi. Lakini msikimbie, manake ndani yake mna hadithi tamu kuliko ile video yenyewe.

Mnaikumbuka ile video ya mwaka jana? Nimesimama nje ya Fort Jesus na kanzu ya kuazima, natoa macho, nasema kwa kujiamini kabisa kwamba ngome hii ilijengwa kwa amri ya mfalme wa Ureno aliyekaa kule Lisbon. Mliisambaza mpaka ikaingia kwenye magrupu ya familia. Mpaka mjomba wangu akanitumia mimi mwenyewe, akiniuliza kama nimeiona. Hakuna hata mmoja wenu aliyenisahihisha. Mimi chuo niliacha mwaka wa pili na wala sikuwa nasomea historia, lakini nyinyi mlikuwa wengi vile, wallahi, na wote mkanitilia moyo tu na vidole gumba.

Aliyenisahihisha ni mama mmoja mzee, mgeni, aliyeshuka melini akiwa na saa tano tu za kuiona Mombasa.

Ilikuwa hivi. Binamu yangu ana gari la kutembeza wageni. Meli ya kitalii ikitia nanga Mombasa, magari ya kukodi hukosekana, na mikono ya kusaidia hukosekana zaidi. Akanipigia simu usiku: njoo unibebee maji na kunihesabia vichwa, na ukitaka piga video zako. Nikatoka Msambweni alfajiri, matatu mpaka Likoni. Pale kivukoni tukakuta feri zimesimama. Wanaovuka kila siku wanajua: meli kubwa ikiwa inaingia Kilindini, feri inangoja, hata uwe na usaili wa kazi, hata uwe na mgonjwa. Basi ikapita mbele yetu, ghorofa juu ya ghorofa, kama jumba zima limeng'olewa mtaani likatiwa majini. Juu watu wamevaa nguo za kulalia wanatupiga picha. Huku chini sisi, na baiskeli na mikungu ya ndizi na mikokoteni ya madafu, tunawapiga wao. Tulipigana picha vile mpaka meli ikageuka kuelekea gatini.

Ratiba ya wageni wa meli ni ya kukimbizana. Pembe za ndovu za Moi Avenue, dakika kumi. Mji wa Kale, mzunguko wa haraka. Fort Jesus, saa moja. Kisha vinyago, kisha melini, manake meli haimngoji mtu. Wageni wa binamu walikuwa wanne, na mmoja wao ndiye huyu mama, umri wa miaka sabini hivi, mfupi, kofia ya majani, mwalimu mstaafu wa hesabu. Kwao ni Cádiz, kusini mwa Uhispania.

Njiani alinichekesha. Alisema Cádiz ni hivi hivi: mji umezungukwa na bahari karibu pande zote, meli za kitalii zinafunga gati mlangoni kabisa mwa mji wa kale, asubuhi wageni wanamwagika, wanatembea saa nne, wanakula samaki wa kukaanga, wanaipiga picha ngome, na jioni wanaondoka wakisema wameijua Cádiz. Miaka yote yeye ndiye amekuwa akiwatazama kutoka roshani ya nyumba yake. Mara hii akaona naye ashuke kwa watu akawe wa saa tano.

Akaniuliza mimi natoka wapi. Nikasema ng'ambo, kusini, mbele ya Diani. Akauliza, huko nako kuna kitu cha kale cha kutazama? Nikamjibu: kuna ufuo mzuri sana.

Hilo jibu liwekeni pembeni. Nitalirudia, manake nalo linaniuma.

Mkifika Fort Jesus mnapanda, mnafika mlangoni, na watu wote hufanya jambo moja: wanaingia. Mwongoza wageni yuko mbele, kivuli kiko ndani, joto liko nje. Juu ya mlango kuna jiwe limechongwa maandishi. Mimi nimepita chini ya jiwe lile tangu safari ya darasa la sita na sijawahi kuinua shingo. Yule mama akasimama. Akatoa simu, akavuta picha, akaanza kusoma kwa sauti ndogo, manake Kireno na Kihispania ni kama Kiamu na Kimvita, mtu anaokota maneno. Akafika mahali pametajwa Mtukufu Mfalme. Akanigeukia.

"Mfalme gani huyo?"

"Wa Ureno," nikasema.

"Jina lake?"

Hapo nikajua nimepatikana.

Akanionyesha mwaka mwishoni mwa maandishi: 1639. Akasema, kijana wangu, mwaka 1639 Ureno haikuwa na mfalme wake peke yake. Huyo ni wetu. Huyo ni Felipe wa Nne, yuko Madrid. Akacheka, si kwa ubaya, bali kile kicheko cha mwalimu mwanafunzi mkubwa anapokosea hesabu ya chekechea.

Nilirudi nyumbani nikasoma wiki nzima. Yuko sahihi, na mambo yenyewe ni noma.

Twende Moroko kidogo. Mwaka 1578 mfalme wa Ureno alikuwa kijana anaitwa Sebastião, miaka 24, hajaoa, hana mtoto. Akavuka bahari na jeshi lake kwenda kupigana huko, na tarehe 4 Agosti, karibu na mji ambao Wareno wanauita Alcácer Quibir, jeshi likasagwasagwa na yeye mwenyewe akafa. Kiti kikamwangukia ndugu ya babu yake, kadinali mzee asiye na mke. Naye akafa Januari 1580. Sasa hapo jirani, mfalme wa Uhispania, Felipe wa Pili, yule ambaye visiwa vya Ufilipino vimepewa jina lake, akanyanyua mkono: mama yangu ni binti wa mfalme wa Ureno, kwa hiyo urithi ni wangu. Akapeleka na jeshi ili hoja yake ieleweke vizuri. Mwaka 1581 Wareno wakamkubali rasmi. Kuanzia hapo mpaka Desemba 1640, miaka 60 hivi, Uhispania na Ureno zilikuwa nchi mbili chini ya mfalme mmoja.

Fort Jesus ilianza kujengwa tarehe 11 Aprili 1593. Fanyeni hesabu wenyewe.

Kwa hiyo aliyeamuru ngome yetu ijengwe ni mtu yule yule aliyetawala Madrid na Sevilla na Naples na Mexico na Manila. Mchora ramani yake, Giovanni Battista Cairati, alikuwa Mtaliano wa Milan, na Milan nayo ilikuwa mkononi mwa Felipe huyo huyo. Kijana mmoja wa miaka 24 anakufa Moroko bila mtoto, na miaka 15 baadaye mtu wa Milan anachora kuta za matumbawe Mombasa. Mimi nilidhani historia yetu ni ya Wareno na Waarabu kurushiana mizinga basi.

Ngojeni lakini. Najua kuna mtu tayari anaandaa video, "Siri Iliyofichwa: Mombasa Ilikuwa ya Uhispania". Usifanye hivyo. Felipe aliwaahidi Wareno kwamba makoloni yao yataendelea kusimamiwa na Wareno, na kwa sehemu kubwa ndivyo ilivyokuwa. Makapteni wa ngome walikuwa Wareno, bosi wao alikuwa gavana mkuu aliyekaa Goa, India, na barua zilipita Lisbon. Mvuvi wa Mombasa wa wakati ule hakumwona Mhispania yeyote. Kosa langu lilikuwa kumweka mfalme Lisbon na kudhani nimemaliza, kumbe mamlaka yenyewe yalikuwa yamepinda pinda njiani. Ukilisahihisha kosa langu kwa kosa lako tutakuwa wawili.

Nikamwandikia yule mama, manake tulipeana anwani. Akanijibu na jambo ambalo sikulitarajia. Mwaka 1596, ngome ya Mombasa ikiwa bado kazi yake inaendelea, Waingereza waliivamia Cádiz, wakaipora na kuichoma moto. Baada ya aibu ile Felipe akaamuru Cádiz nayo ijengewe ngome mpya ufukweni, yenye pembe kali kama za nyota zinazotokeza baharini. Inaitwa Santa Catalina. Ndiyo ile wageni wa meli wanayoipiga picha mbele ya roshani yake. Baadaye ikawa jela. Yetu pia ikawa jela, kuanzia 1895 mpaka 1958. Nyanya yangu mpaka leo haiiti Fort Jesus, anaiita Gereza, na neno lenyewe gereza wajuzi wa lugha wanasema limetoka kwa Kireno, igreja, yaani kanisa. Tulichukua jina la nyumba ya Mungu tukawapa wafungwa. Sina la kuongeza hapo.

Ngome mbili basi, bahari mbili, na amri zake zimetoka kwa bwana mmoja aliyekuwa anaogopa kitu kimoja: meli za watu wengine.

Kwa nini alitaka ngome Mombasa? Hapa ndipo nilipokosea vibaya zaidi kuliko habari ya mfalme, manake kwenye video nilisema Wareno "waliichukua" Mombasa, kana kwamba waliiokota njiani. Ukweli ni kwamba walishindwa kuikalia kwa karibu miaka 100. Vasco da Gama alifika 1498, hakupatana na watu wa Mombasa, akaenda zake Malindi. Mwaka 1505 Almeida akaja akauchoma mji. Mwaka 1528 Nuno da Cunha akaja akauteka, nao ukachomwa tena. Na kila wakiondoka, mji unainuka. Miaka ya 1580 akaja nahodha wa Kituruki, Amir Ali Bey, mara mbili, na Mombasa ikamfungulia mlango kwa furaha kabisa. Mara ya pili, 1589, mambo yakaharibika: kutoka baharini likaja kundi la meli za Wareno kutoka Goa, na kutoka bara likaja jeshi la watu walioitwa Wazimba. Mji ukabanwa katikati kama chapati. Ali Bey akakamatwa.

Wazimba wakaendelea mpaka Malindi. Na huko ndiko walikovunjwa. Na nani? Na Wasegeju.

Nilipofika hapo nilifunga simu nikatoka nje kidogo. Wasegeju! Wale ambao siku hizi tunaishi nao huku huku Kwale, upande wa Shimoni na Vanga, wakati huo walikuwa karibu na Malindi. Wao ndio waliowapiga Wazimba. Miaka michache baadaye mtawala wa Mombasa alipojaribu kuishambulia Malindi, Wasegeju wakampiga naye, wakauteka mji wa Mombasa, wakamwita sheikh wa Malindi aje akae. Huyo sheikh alikuwa rafiki wa Wareno. Alipohamia Mombasa, Wareno wakamfuata, na 1593 wakaanza kuchimba msingi.

Sasa nendeni Fort Jesus muulize watu kumi wanaotoka mlangoni, Wasegeju ni nani. Wageni wa meli nitawasamehe. Nataka mtuulize sisi.

Nirudi kwenye jiwe. Tafsiri yake ipo, haikunichukua hata nusu saa kuipata, na ningekuwa nimeipata kabla ya kuazima kanzu. Aliyeandikisha ni kapteni anaitwa Francisco de Seixas de Cabreira. Anaanza kwa kusema kwamba mwaka 1635, akiwa na umri wa miaka 27, alifanywa kapteni wa ngome kwa miaka minne, akaijenga upya. Miaka 27! Hebu fikirini mtu wa miaka 27 mnayemjua, mpeni mizinga.

Kisha anaanza kuorodhesha sifa zake, na kusema kweli lile jiwe ni ukurasa wa mtu anayejitangaza, hakuna tofauti na sisi. Amewarudisha chini ya Mfalme watu wa pwani hii walioasi na mfalme wao dhalimu. Amewatoza kodi wafalme wa miji kadha. Amewaadhibu Pate na Siyu na kuzibomoa kuta za miji yao. Pemba amewaua viongozi na wakubwa wa mji. Mwishoni anataja zawadi alizopewa: cheo cha nyumba ya kifalme, posho ya kila mwaka, na ugavana wa mahali pengine mbali huko Asia.

Huyo "mfalme dhalimu" anayemtaja ni Yusuf bin Hassan, na kisa chake kingetosha posti nyingine tano. Baba yake, Sultan Hassan, aligombana na makapteni wa ngome, akakimbilia bara, akauawa huko 1614. Mtoto akachukuliwa Goa, akalelewa na mapadri, akabatizwa akaitwa Dom Jerónimo, kisha akarudishwa Mombasa kuwa sultani wa kuchezewa. Tarehe 16 Agosti 1631 aliingia ngomeni akamchoma kisu kapteni, na mji ukalipuka. Wareno waliuawa, wanaume kwa wanawake na watoto, na Waafrika waliokuwa wamebatizwa pia. Sitaki kuipaka rangi nzuri siku ile. Mwaka uliofuata kundi la meli kutoka Goa likaizingira ngome likashindwa, lakini Yusuf mwenyewe akaona hatadumu, akapakia mizinga akaondoka, na Wareno wakaingia tena kwenye nyumba tupu. Cabreira ndiye aliyekuja kuziba nyufa na kutundika jiwe.

Na katikati ya lile jiwe, baada ya Pate na Siyu na kabla ya Pemba, kuna neno moja: Muzungulos. Anasema amewaadhibu Muzungulos.

Muzungulos ndivyo Wareno walivyowaita watu wa bara nyuma ya kisiwa cha Mombasa. Wanahistoria wanawahusisha na mababu wa Wamijikenda. Yaani sisi. Mimi na nyanya yangu na huyo makanga wa matatu ya Msambweni aliyenidai ishirini ya ziada. Tumeandikwa juu ya mlango wa Fort Jesus tangu 1639 na mimi nimekuwa nikipita chini nikitafuta pembe nzuri ya kujipiga selfi.

Nikaendelea kusoma, na picha ikageuka kabisa kichwani mwangu. Nilikuwa nadhani wazee wetu walikuwa msituni tu huku mambo makubwa yakifanyika kisiwani. Lakini tafakarini: kisiwa kile chakula kilitoka wapi? Ngome imejaa askari, mizinga inatazama baharini, na nafaka iko bara. Taarifa za Wareno wenyewe za miaka ya 1630 zinalalamika kwamba hawa watu wa bara hawatulii mpaka wapewe vitambaa. Si mara moja; ni kila siku vitambaa. Upande wa Makupa, mahali ambapo mtu angeweza kuvuka kwa miguu maji yakikupwa, walilazimika kujenga vigome vidogo vya kulinda mgongo wao. Himaya iliyotoka Mexico mpaka Manila, ikifika Mombasa inanunua amani kwa doti za nguo kutoka kwa watu ambao hawakuwa na hata mzinga mmoja. Kisha anakuja kijana wa miaka 27 anaandika juu ya mlango kwamba amewaadhibu. Mtu hujisifia kumwadhibu aliyemsumbua. Mtu asiyekusumbua humtaji kwenye jiwe.

Na si kila kitu ni cha kujivunia. Huyo Sultan Hassan aliyekimbilia bara, aliowakimbilia ndio waliomuua, kwa kuchochewa na Wareno. Hilo nalo ni letu. Siwezi kuwachukua wazee waliotoza himaya vitambaa nikawaacha waliomuuza mgeni wao.

Jiwe lina mwaka 1639. Tarehe 1 Desemba 1640 Lisbon ikaasi, Wareno wakajichagulia mfalme wao, na Felipe wa Nne akaipoteza Ureno. Mtukufu ambaye Cabreira anajisifia kumtumikia alibakiwa na mwaka mmoja na kitu. Barua ya kuwaambia ilibidi iongoje meli.

Sasa lile jibu langu. Kuna ufuo mzuri sana. Ndivyo nilivyomjibu mwalimu wa watu aliyeniuliza kama Kwale kuna kitu cha kale. Fort Jesus iliingia kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2011. Kaya za Wamijikenda ziliingia 2008, miaka mitatu kabla. Na mojawapo ya hizo kaya ni Kaya Kinondo, iko Diani hapo hapo, hatua chache kutoka kwenye mahoteli. Ukiingia unafungwa kaniki, unaongozwa na wenyeji, huvunji kijiti. Mimi nimeishi dakika arobaini kutoka pale maisha yangu yote, na nilipoulizwa, nikataja mchanga.

Wageni wa meli tunawacheka kwamba wanaujua mji kwa saa tano. Wana udhuru, meli inaondoka. Sisi feri inarudi kila wakati.

Kitu kimoja zaidi kisha niwaache. Kabla ya kurudi melini, yule mama alinunua korosho kwa kijana wa barabarani, akauliza kama zinatoka hapa. Nikasema zinatoka kwetu, nyanya yangu ana miti. Hapo nilijibu vizuri, au nilidhani. Mti wenyewe kwa Kiswahili ni mkanju, na jina hilo limetokana na caju la Wareno, waliouleta kutoka Brazil. Mahindi ya sima yetu yametoka Amerika. Muhogo, Amerika. Nanasi, Amerika. Leso aliyojifunga nyanya ni neno la Kireno, meza anayolia chakula ni neno la Kireno. Cabreira aliondoka na cheo chake, jiwe limebaki linasuguliwa na upepo wa chumvi, ila mkanju umeshika mizizi Msambweni na hakuna anayekumbuka kwamba nao ni mgeni.

Juzi nilikaa na nyanya kibarazani, tunabangua korosho, nikamsomea tafsiri ya jiwe kwenye simu. Yote, polepole. Alisikiliza Pate, alisikiliza Siyu, nilipofika kwenye Muzungulos nikamweleza ni akina nani. Akanyamaza akabangua mbili tatu.

"Wazee waliadhibiwa," akasema. "Kwa kosa gani?"

Nikaangalia tena. Nikapandisha, nikateremsha. Kosa halikuandikwa.

Akaniuliza nauli ya feri siku hizi ni ngapi kwa mtu wa miguu. Nikamwambia, nyanya, wa miguu ni bure. Akasema basi Jumamosi, asubuhi, kabla jua halijawa kali.

Kwa hiyo Jumamosi mkimwona ajuza amesimama mlangoni mwa Fort Jesus na leso yake, ameinua shingo juu, na watu nyuma wanamwambia asogee wapite, msimsukume. Ni wangu, na bado anasoma.